Mkwe wa Bardstown

Alhamisi, Louisville

Kiwanja cha ndege cha Louisville kinaitwa Muhammad Ali tangu 2019, na shemeji yangu hachoki kulitaja hilo. Yeye ni mtu wa Bukavu. Kwao, anasema, aliyempiga Foreman pale Kinshasa mwaka 1974 ni mtoto wa nyumbani, kwa hiyo anayetua Louisville hajafika ugenini sana. Alinipokea kwa maneno hayo, akaninyang'anya begi, akaniuliza habari za Baba kabla hajauliza habari za safari.

Kuuliza habari za Baba kuna historia yake. Mdogo wangu alipotaka kuolewa na Mkongo waliyekutana huku huku Kentucky, Baba hakukataa mahari wala hakumkataa mtu. Alisema tu, tukiwa tumekaa nje kule kwetu Kibosho, Kilimanjaro, kwamba mkwe wa mbali ni kama mvua ya kijiji cha pili: unaisikia ikinyesha, kwako hailoweshi. Tangu hapo shemeji anapiga simu kila Jumapili. Baba anapokea, wanasalimiana, wanakaa kimya kidogo, wanaagana.

Mimi nimekuja kuona pombe, nisifiche. Bibi yetu mzaa baba alikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na karo zetu za shule zilitoka kwenye mapipa yake. Siku mbege ikiiva wazee walikaa kwenye mabenchi, yeye akachota kwa kata, akaonja mwenyewe mbele ya macho yao, ndipo akampa mzee wa kwanza. Hakuna aliyepokea kata ambayo mwenye kuileta hajaigusa kwa midomo yake. Bibi alipofariki, yale masufuria hayakupata mrithi. Wajukuu tulikuwa na digrii. Moja lilitobolewa likawa la kumwagilia bustani, mengine sijui yalikwenda wapi. Kwa hiyo niliposikia kwamba chini ya saa moja kutoka kwa mdogo wangu kuna ukoo, akina Willett wa Bardstown, uliopika bourbon, ile wiski ya mahindi, kizazi hadi kizazi, na kwamba unafungua mlango watu waingie watazame, nikaanza kuweka akiba ya nauli.

Mezani kulikuwa na ugali, samaki na sombe, ambayo sisi tunaiita kisamvu. Shemeji ni mlokole, hagusi kileo, lakini alikubali kutuendesha siku zote mbili. Nadhani ananionea huruma.

"Shemeji," aliniambia, "ile njo kanyanga. Bazungu bameivalisha koti tu."

Kanyanga ni gongo ya kwao, ya mahindi au ya muhogo. Kisheria anakosea. Bourbon ni lazima itengenezwe Marekani, mahindi yawe angalau asilimia 51 ya nafaka zake, na ilazwe kwenye chombo kipya cha mti wa mwaloni kilichounguzwa kwa ndani. Tarehe 4 Mei 1964 bunge la Marekani lilitoa tamko kabisa kwamba kinywaji hiki ni cha nchi hiyo peke yake. Lakini mtambo ni mtambo: unachemsha, unakamata mvuke, unaupoza, unakinga matone, na huko ndiko kukeneka. Kwa hiyo shemeji ana haki nusu, na nusu iliyobaki ndiyo hilo koti.

Ijumaa, Bardstown

Kutoka Louisville kwenda Bardstown ni kilomita 60 na ushee. Mahali barabara ilipokatwa kwenye vilima, unauona mwamba wa chokaa umepangana tabaka kwa tabaka kama chapati. Watu wa hapa wanausifia mwamba huo kama sisi tunavyousifia mlima. Maji yakipita humo yanabeba kalsiamu na yanaacha chuma, na chuma ni adui wa wiski: kinaitia weusi na kuiharibu ladha. Ndiyo sababu mojawapo ya kwa nini karibu bourbon yote duniani, asilimia 95 kwa hesabu inayotajwa na wenyewe, inatoka jimbo hili moja.

Mji wenyewe ni mdogo na wa zamani, ulianza mwaka 1780. Nilishangaa kukuta ni mji wa Kikatoliki. Familia nyingi zilihamia hapa kutoka Maryland mwishoni mwa karne ya 18, na Roma ikawapa jimbo lao la kanisa mwaka 1808. Kanisa kuu la wakati huo bado limesimama, lina nguzo nyeupe mbele kama la mjini Ulaya. Basi nikaelewa kitu. Kwetu Kibosho misheni ya Kikatoliki na mbege vimekaa jirani zaidi ya miaka mia bila kugombana, kumbe na huku ni vivyo hivyo. Shemeji alilitazama kanisa, akatazama tangazo la wiski upande wa pili wa barabara, akanitazama na mimi. Hakusema neno.

Jumba la makumbusho la wiski liko ndani ya Spalding Hall, jengo la matofali lililowahi kuwa chuo cha Kikatoliki na, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hospitali. Humo nilikaa zaidi mbele ya mitambo ya magendo. Kuna masufuria ya shaba yaliyopigwa nyundo kwa mkono, na mabomba yaliyojikunja kama nyoka. Ukinipa lile dogo kabisa nikalipeleka Uru au Machame usiku, hakuna atakayeuliza ni la nini. Kuna pia chupa za wiski ya dawa. Kati ya 1920 na 1933 pombe ilipigwa marufuku nchi nzima, lakini daktari aliruhusiwa kukuandikia wiski kwa cheti, na kampuni sita zilipata leseni ya kuiuza kwa njia hiyo. Wengine wote walifunga. Hilo ni la kukumbuka, kwa sababu kila ukoo unaojiita wa kale hapa Kentucky una shimo la miaka 13 katikati ya hadithi yake, na namna wanavyoliruka shimo hilo ndiyo inayokuonyesha ukoo ulivyo.

Pembeni ya mji tulipita Federal Hill, nyumba kubwa ya matofali mekundu ya John Rowan, aliyekuwa seneta miaka ya 1825 hadi 1831. Bustani yake nzuri, wageni wanapiga picha. Rowan alikuwa na watumwa, na ndio waliolima pale. Kentucky ilishikilia utumwa mpaka Desemba 1865, mwezi ambao marekebisho ya katiba yaliwalazimisha kuachia. Watumwa walilima mahindi, walichonga mapipa, walikaa usiku mbele ya mitambo ya watu wengine kuangalia moto. Historia za koo za wiski zimejaa majina ya akina baba na wana wao, na mimi kila niliposoma "alianza kukeneka mwaka fulani" nilijiuliza ni nani hasa aliyekuwa akikoroga sufuria. Kwa Bibi nilikuwa najua: ni sisi wajukuu, kwa zamu.

Mchana tulipanda kilima kusini mwa mji, kwa Heaven Hill. Hii ni kampuni kubwa, ila bado ni ya familia moja, akina Shapira. Baba yao alikuwa Myahudi mhamiaji kutoka Lithuania, mchuuzi wa nguo. Wanawe watano walikuwa wenye maduka, hawajui wiski inapikwaje. Mwaka 1935, marufuku ilipokwisha, waliweka pesa zao kwenye mtambo mpya na wakaajiri mafundi wa ukoo wa Beam, ambao wao kukeneka kuko kwenye damu. Ndoa ya mwenye duka na fundi. Imedumu.

Ila nilikuja huku kwa sababu ya moto. Tarehe 7 Novemba 1996 ghala moja lilishika moto, upepo ulikuwa mkali, na wiski inayowaka ilianza kuteremka kilima kama mto. Maghala saba na mtambo wenyewe viliteketea, mapipa kama 90,000. Hakuna aliyekufa. Kesho yake akina Shapira walikuwa na chapa, na wateja, na hawana sufuria. Wapinzani wao wa biashara, Jim Beam na Brown-Forman, wakawapa nafasi ya kukenekea kwenye mitambo yao. Mwaka 1999 wakanunua mtambo wa Bernheim kule Louisville, na ikapita karibu miaka 30 tangu ghala kuungua ndipo walipowasha tena moto wa kwao hapa Bardstown, mwaka 2025.

Tukirudi kwenye gari shemeji aliniita nione miti. Magome yake ni meusi, meusi tii, kama ukuta wa jiko la kuni. Ukuta wa ghala nao hivyo hivyo.

"Moto ile haikuisha?" aliuliza.

Si masizi. Ni kuvu. Anaitwa Baudoinia, anakula mvuke wa pombe unaotoroka kwenye mapipa. Kila mwaka kila pipa linapoteza asilimia kadhaa ya kilichomo, na wenyewe wanaiita fungu la malaika. Malaika wanakunywa, kuvu ananusa, na majirani wanasugua kuta za nyumba zao. Katika mazungumzo ya wiski hao majirani hawatajwi sana.

Jumamosi, kwa Willett

Leo mdogo wangu hakuwa kazini, tukaenda watatu. Njia ni ile ile ya jana, kwa sababu Willett na Heaven Hill wanapakana. Kutoka kilima kimoja unaona maghala ya mwingine.

Nimeona mitambo mikubwa kwenye picha, inayofanana na viwanda vya saruji. Hapa si hivyo. Ni shamba. Kuna kibarabara, majani yamegeuka rangi ya kutu kwa sababu ni Oktoba, maghala manane yaliyovikwa mabati, na jengo la mawe lenye mlango mzito. Mlangoni walituomba vitambulisho. Chini ya miaka 21 huonji. Aliyetuongoza alikuwa kijana mpole mwenye kofia, anayezungumza polepole kama watu wa huku wanavyozungumza. Nilimpenda alipotuambia tusiogope kunusa.

Akaanza na nafaka, na hapo ndipo mimi na mdogo wangu tulipoanza kukanyagana miguu. Mahindi yanasagwa, yanapikwa uji. Rai, nafaka jamaa ya ngano, au ngano yenyewe inafuata. Mwisho kabisa, uji ukishapoa kidogo, inatiwa shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa, ikasagwa. Kimea! Kijana akaeleza kwamba punje inapoota inatengeneza kitu cha kuvunja wanga uwe sukari, na kwamba bila punje hiyo hamira haina cha kula. Bibi hakuwahi kusikia neno kimeng'enya, lakini alilowesha ulezi, akaufunika, akauangalia mpaka ukaota, akauanika, akausaga, na hakutia kwenye maji ya ndizi kabla hayajapoa. Mtoto ukimuuliza kwa nini, alikuambia ukiuunguza ulezi umeua mbege. Mdogo wangu aliniminya mkono mpaka ukauma.

Tofauti ilikuja baadaye. Bibi alitia msesewe, lile gome chungu, akaacha usiku, kesho yake wazee wanakunywa. Hawa wanaacha uji uchachuke siku tatu, nne, kisha wanaupeleka mtamboni. Sufuria lao la shaba ni kitu cha kutazama: tumbo pana, shingo ndefu nyembamba inayopanda juu halafu inainama. Sheria inasema bourbon isitoke mtamboni ikiwa na zaidi ya asilimia 80 ya kileo, na isiingie pipani ikizidi asilimia 62.5, kwa hiyo lazima ikatwe kwa maji. Yanayobaki chini ya mtambo, yale machicha, sehemu inarudishwa kwenye uji unaofuata ili uchachu usibadilike, na mengine yanakwenda kwa ng'ombe. Kwetu ni nguruwe. Sitaki kusema zaidi kuhusu nguruwe wa Bibi, ila walikuwa wanalala mapema.

Sasa ukoo.

Wa kwanza kutajwa ni John David Willett, aliyezaliwa 1841, fundi katika mtambo uliokuwa na jina lake pamoja na majina ya washirika. Mwanawe Lambert aliingia kazi hiyo akiwa na miaka 15, kwenye mtambo wa watu wengine. Kisha likaja lile shimo la marufuku. Mjukuu, Thompson, aliyezaliwa 1909, ndiye aliyejenga hapa tulipo, kwenye shamba la familia, mwaka 1936, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mapipa ya kwanza 30 yalijazwa tarehe 17 Machi 1937. Ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick, na kijana wa kofia alitabasamu alipoitaja, kama kwamba tarehe hiyo haikuangukia hapo kwa bahati.

Miaka 40 ilikwenda vizuri. Halafu Wamarekani wakaacha kunywa kinywaji cha baba zao. Miaka ya 1970 vijana walitaka vodka na vitu vyepesi, bourbon ikabaki ya wazee, mitambo ikafungwa mmoja baada ya mwingine kote Kentucky. Wakati huo huo bei ya mafuta ilipanda duniani, na hapa wakaamua kuacha wiski na kukeneka spiriti ya kuchanganya na petroli. Yaani sufuria ya babu ikapika mafuta ya gari. Bei ya mafuta iliposhuka, biashara hiyo nayo ikafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtambo ukanyamaza.

Nilimwangalia shemeji. Alikuwa amesimama nyuma, mikono mfukoni, akisikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote.

Thompson alikuwa na binti, Martha. Martha alikuwa ameolewa na Even Kulsveen, mtu wa Norway, mzaliwa wa mji wa Hamar. Hakuwa mtu wa Kentucky, wala wa ukoo wa wiski. Huko kwao jina Willett halina maana yoyote. Tarehe 1 Julai 1984 mkwe huyo na mkewe walinunua mahali hapa: mtambo baridi, maghala ya mabati na mapipa yaliyokuwa bado yamelala ndani. Walikinunua kitu ambacho soko zima lilikuwa linakikimbia.

Kwa mtu aliyezaliwa kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, hapo lazima usimame kidogo. Kwetu kihamba kinakwenda kwa mtoto wa kiume, na nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba. Binti anaondoka na mumewe. Mkwe anakuja na zawadi, anakaa kwenye kiti cha mgeni, anakula, anasifia ndizi, anarudi kwake. Hata migomba ikinyauka mbele ya macho yake, yeye si wa kushika jembe. Nimejaribu kumfikiria Mnorwe akija Kibosho na kumwambia mzee kwamba atanunua masufuria ya marehemu na ataendelea pale alipoishia. Wangemcheka mpaka Moshi mjini.

Na kilichofuata hakina mbwembwe hata kidogo, ndiyo maana nakiamini. Hawakuwa na uwezo wa kuwasha mtambo. Kwa karibu miaka 30 walinunua mapipa ya wiski iliyokenekwa na wengine, wakayalaza kwenye maghala yao, wakachagua, wakachanganya, wakatia kwenye chupa na kuuza kwa majina mbalimbali: Johnny Drum, Noah's Mill, Rowan's Creek. Jina la mwisho linatokana na kijito kinachopita kwenye ardhi yao, na kijito kimepewa jina la yule yule seneta wa nyumba ya matofali. Wapo wanaonuna wakisikia mtu ameuza wiski asiyoikeneka mwenyewe. Mimi sinuni. Mwenye duka la nafaka anajua kuchagua gunia, na kuchagua pipa moja kati ya mia ni ufundi pia, hasa kama pesa uliyonayo ni ya pipa moja. Kila kilichopatikana kilirudi kwenye jengo, kidogo kidogo. Januari 2012 mtambo ukawaka tena.

Leo fundi mkuu ni mtoto wao wa kiume, Drew, na rais wa kampuni ni dada yake, Britt. Jina lao la ukoo ni la Kinorwe. Jina lililo mlangoni ni la mama.

"Kumbe mkwe njo aliokoa nyumba," shemeji alisema kwa Kiswahili, taratibu. Kijana wa kofia aliuliza amesema nini. Mdogo wangu akamtafsiria, na kijana akajibu kwamba ndiyo, unaweza kulisema hivyo.

Kwenye ghala kuna giza na baridi, na harufu ambayo sikuitarajia: vanila, sukari iliyoungua, mbao zilizolowa. Mapipa yamelala kwenye magogo, safu juu ya safu. Kila pipa linachukua lita 200 hivi. Ndani limeunguzwa kwa moto mpaka mbao zikapasuka vipande vipande. Kiwango kikali kabisa wanakiita ngozi ya mamba, na hakifiki hata dakika moja ya moto. Wakati wa joto wiski inavimba na kuingia ndani ya mbao, wakati wa baridi inasinyaa na kutoka, na kila ikitoka inakuja na rangi na utamu. Ikiingia pipani haina rangi, kama maji au kama gongo. Rangi yote ni ya mti. Pipa likishatumika mara moja haliruhusiwi tena kwa bourbon. Linauzwa, na mengi yanakwenda Uskoti. Niliuliza bei. Shemeji alikohoa.

Ghorofa za juu kunakuwa na joto zaidi, kwa hiyo pipa la juu na pipa la chini, yaliyojazwa siku moja, baada ya miaka minane si ndugu tena. Na muda wote huo pipa halileti senti. Jimbo hata linalitoza kodi kila mwaka likiwa limelala. Sheria ya 2023 imeamua kodi hiyo ipungue kuanzia 2026 mpaka ifutike 2043. Bibi alilipwa siku ile ile mbege ilipoiva. Angeambiwa asubiri miaka minane angeuliza hao wajukuu watakula nini, na hilo ndilo swali ambalo ukoo wowote wa namna hii lazima uwe umelijibu mara nyingi usiku.

Tulionja juu, kwenye chumba chenye madirisha. Vikombe vidogo vyenye tumbo, matone kidogo kila kimoja. Chupa moja iliwekwa mezani na mdogo wangu akacheka kwa sauti: ni ile ya Pot Still Reserve, iliyotoka mwaka 2008, tumbo la mviringo na shingo ndefu. Wenyewe wanasema ni umbo la sufuria lao la shaba. Sisi tuliona kibuyu.

Wiski ya kwanza iliniunguza. Ya pili nilifuata ushauri, nikatia tone la maji, na ikafunguka: mahindi matamu, kisha mdalasini, kisha kitu kama ganda la mti. Ya tatu ilikuwa kali na nzuri na nisingeweza kuimaliza. Mdogo wangu alimaliza yangu. Shemeji alikaa kwenye baa yao na sandwichi ya mayai, ambayo hapa ina sifa karibu sawa na wiski, akasema ndiyo kitu bora alichokula nje ya nyumba yake mwaka huu.

Wakati wa kutoka nilienda msalani. Niliporudi nilimkuta dukani, mlokole wetu, amesimama kwenye foleni na kile kibuyu cha kioo mikononi.

"Ni ya Baba," aliniambia kabla sijauliza. "Utamupelekea."

Jumapili, Louisville

Ibada ya shemeji ni ya Kiswahili, saa tatu na nusu, na hakuna kiti kinachobaki wazi. Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira, cha Bujumbura, na sauti moja ya Kigoma niliyoitambua kwa nyuma. Walinisimamisha niwasalimie. Niliposema natoka Kilimanjaro walipiga makofi kama kwamba niliujenga mimi.

Nyumbani nilikuwa nafunga chupa ndani ya sweta mbili na kanga nne simu ilipoita. Baba, kwa picha. Jumapili hii alipiga yeye. Mdogo wangu aliangalia saa, akaangalia simu, akampa mumewe bila kusema kitu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Nimeambiwa mmekwenda kwa wapika pombe."

"Ndiyo, Baba. Tulienda."

"Na wewe hunywi."

"Sinywi, Baba."

Nikaona niwasaidie. Nikaichomoa chupa kwenye kanga, nikaiweka mbele ya kamera. Baba akasogeza uso karibu mpaka tukaona paji tu. Akasema ni kibuyu. Tukamwambia siyo, ni umbo la mtambo. Akasema ni kibuyu. Nikamweleza habari za Mnorwe, kwa kifupi, jinsi alivyokuta moto umezimika kwa wakwe zake na akakaa pale pale mpaka ukawaka. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake tulisikia jogoo, na mtu akivuta ndoo.

"Huyo alikaa miaka mingapi bila moto?"

"Ishirini na saba, ishirini na minane hivi," nilisema.

"Mm." Akakaa kimya, kile kimya chake cha Jumapili, kisha akamwita shemeji kwa neno ambalo sijawahi kumsikia akilitumia kwake. "Mwanangu. Hiyo chupa umeileta wewe?"

"Ni mimi, Baba."

"Usimpe huyu aje nayo. Njoo nayo wewe, Desemba. Na ujue kwetu mwenye kuileta ndiye anayeonja kwanza."

Shemeji aliitazama chupa, akamtazama mkewe, akaniangalia mimi.

"Kidogo tu, Baba?"

"Midomo tu," Baba alisema. "Midomo inatosha."